Istikhara ya Magari Mawili

Gari la Kikorea lilikuwa zito kuliko la Kijerumani kwa kiasi cha magunia mawili ya ufuta. Hilo nalijua kwa yakini, kwa sababu nilisimama kando ya mzani wa ghala la mazao nikayaona yote mawili yakipimwa, moja baada ya jingine, matupu, madereva wameshuka. Aliyetaka yapimwe ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kazi yake ni kubeba ufuta na korosho za wakulima kwa fuso, kutoka Njinjo na Mtama mpaka maghalani, na kitu chochote kikubwa kuliko mbuzi hukikadiria kwa magunia.

"Baba Mkubwa, unaliona hili?" aliniambia, akilinyooshea kidole lile la Kikorea. "Kila litakapokwenda litakuwa limebeba magunia mawili ambayo hayatafika sokoni hata siku moja."

Nilicheka, na mwenye mzani akacheka. Lilikuwa neno la akili, nami nililiacha lipite kama upepo.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Kilwa Masoko. Macho yamepungua nuru na sasa wanafunzi wangu ndio wanaofundisha, lakini watu bado huniita Maalim, na imamu akisafiri mimi hushika nafasi yake. Mdogo wangu alipofariki, mwanawe alikuwa hajajua hata kufunga kikoi. Nikamlea kama mwanangu. Alikuwa mtoto mtulivu mwenye wazimu mmoja tu, wa magari ya mbio. Aliyakata kwenye magazeti ya zamani akayabandika ukutani kwa uji wa ngano. Siku moja nikamwambia ayaondoe, maana ukuta ule ndio tuliouelekea tunaposali. Akayaondoa bila kinyongo, akayahamishia ukuta wa nyuma. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilisali nikiwa nimeyapa magari mgongo.

Mwenyezi Mungu akambariki. Akapata fuso, akaoa, akajenga Lindi. Kazi yake ilimtaka awe leo Mtama, kesho Nangurukuru, keshokutwa Njinjo, akizungumza na watu wa maghala kabla fuso haijafika. Akaamua kununua gari dogo.

"Sitaki gari la kubeba maharusi," aliniambia. "Nataka la kazi. Lakini Baba Mkubwa, usinicheke, nataka liwe na mbio pia. Nimengoja tangu nikiwa na zile karatasi ukutani."

Sikumcheka. Mtu aliyengoja kwa subira ana haki ya kutaka.

Dalali mmoja wa Lindi alikuwa nayo mawili, kila moja limeachwa na mtu aliyehamishwa kikazi. Yote yalikuwa ya milango minne, yameinama kidogo karibu na ardhi, na mtu asiyejua angeyadhani ya mhasibu. Dalali aliyaita Mkorea na Mjerumani kana kwamba ni binadamu, nasi tukamfuata.

"Shikamoo Maalim," alisema aliponiona. "Umekuja kutuombea dua?"

"Marahaba. Nimekuja kuona."

"Basi uone vizuri. Mjerumani huyu ni msomi, anafanya kila kitu kwa utaratibu. Mkorea ana silinda sita, nguvu anazo, adabu hana."

"Asiye na adabu tutampeleka madrasa," nikasema, na dalali akapiga kofi lake la furaha.

Mwanangu alikuwa amepanga majaribio yake kwa uadilifu ulionifurahisha. Magari yangejazwa mafuta mpaka shingoni kwenye sheli moja ya Nangurukuru, yaende Lindi pamoja, yarudi pamoja, na yajazwe tena palepale, ili kila moja lionyeshe lilichokunywa. Kwenda angeendesha yeye moja na dalali jingine, na kurudi wangebadilishana, ili pasiwe na la kusema kwamba mguu wa fulani ni mzito. Siku zote nimewafundisha watoto kwamba mtu wa mzani anasimama karibu sana na Moto na karibu sana na Pepo, kwa jinsi anavyopima. Nilimtazama nikasema moyoni, alhamdulillah, huyu amesikia.

Kwenda, nilikaa naye ndani ya Mjerumani. Lilikuwa gari gumu kidogo. Kila kiraka cha lami nilikisoma kwa kiuno. Lakini lilimtii. Kwenye kona za kuteremkia Mbwemkuru, mahali ambapo mabasi hulala upande mpaka abiria wakatoa shahada, gari lile lilipita kama uzi kwenye tundu la sindano. Mwanangu alikuwa akitabasamu peke yake.

"Linasikia," alisema.

"Kama mwanafunzi mzuri," nikamjibu. "Halingoji kurudiwa."

Kurudi, tukapanda Mkorea. Kiti kilinipokea vizuri, sauti za nje zikafungiwa nje. Mpaka Mbwemkuru hapakuwa na jambo. Tukavuka daraja, tukapanda kilima, tukafika kwenye ule unyoofu ambao barabara unaiona mbele mpaka inakuwa nyembamba. Hapakuwa na gari, wala mtu, wala mbuzi.

"Bismillahi," mwanangu akasema, akakanyaga.

Sijui niielezeje. Nilirudishwa kwenye kiti kwa nguvu, lakini nguvu isiyoumiza, kama mkono wa baba unavyomsukuma mtoto kitandani kwa mchezo. Miti ikawa ukuta mmoja. Tumbo langu likabaki nyuma, kisha likanifuata. Nikapiga takbira bila kukusudia, na tasbihi ikaniponyoka mkononi ikaangukia miguuni.

Mwanangu akaogopa. "Nipunguze, Baba Mkubwa?"

Nikasema, "Ongeza."

Akaongeza.

Nangurukuru tulipojaza tena, Mkorea alikunywa mara moja na nusu ya alichokunywa mwenzake. Mfanyakazi wa sheli alidhani tangi limetoboka. Mwanangu alitikisa kichwa, akasema kwa upole, "Kwisha. Hesabu imemaliza kazi yake." Mjerumani alikuwa mwepesi, alikunywa kidogo, alishika barabara; Mkorea alimshinda kwa kuondoka tu, kwa ule mshindo wa mwanzo. Kwa mtu wa kwenda Mtama na kurudi kila wiki, jibu lilikuwa wazi kama jua la saa sita.

Lakini ukoo wetu una desturi. Hatuozi, hatusafiri mbali, hatununui kitu kikubwa bila istikhara, ile sala ya rakaa mbili ya kumwomba Mwenyezi Mungu amchagulie mja wake lenye heri. Jioni ile alikuja nyumbani, akakaa mkekani.

"Baba Mkubwa, hesabu nimemaliza, limebaki la Mungu. Nisalie istikhara."

Hapo ndipo palipotakiwa mwalimu. Kwa miaka yote niliyofundisha nimesema istikhara husaliwa na mwenye haja mwenyewe. Kwamba si bahati nasibu wala ndoto. Kwamba mtu huanza kwa kuwauliza wajuzi, kisha husali akiwa amevua moyo wake matamanio kama anavyovua viatu mlangoni. Nimelisema hilo mpaka watoto wakalikariri. Na nilijua pia anachokitaka. Alitaka nimwambie, "Nenda, Mungu akubariki na Mjerumani wako," basi.

Nikamwambia, "Nitakusalia."

Nilisali baada ya Isha. Rakaa zangu mbili zilikuwa sahihi, udhu sahihi, dua nimeisoma bila kukosea herufi. Lakini nilipoweka paji la uso chini niliisikia injini. Sisemi kwamba niliikumbuka. Niliisikia, na mgongo wangu ukangoja kusukumwa. Katika dua ile kuna mahali ambapo mja hutaja haja yake. Ulimi wangu ulitaja magari mawili. Moyo ulitaja moja.

Asubuhi nikamwambia, "Moyo wangu umeelekea kwa Mkorea."

Alinyamaza kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate.

"Mkorea?"

"Mkorea."

"Alhamdulillah," alisema, akaninamia, akaubusu mkono wangu. "Mimi hesabu zangu zilikuwa kwa Mjerumani. Ndiyo maana tunauliza."

Ule ukimya wake mdogo ndio ninaousikia mpaka leo ninapomimina maji ya udhu.

Akanunua. Kila Ijumaa aliyokuwa Kilwa alinifuata kwa gari lile, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa mtu wa safari. Palikuwa na mgonjwa Miteja, rafiki yangu wa zamani, ambaye awali nilimtumia salamu kwa watu wa basi. Sasa nikaona ni wajibu kwenda kumtazama mwenyewe. Palikuwa na hitma Lindi. Nikaona lazima niwepo. Sijawahi kuwazuru wagonjwa na wafiwa kwa bidii kama kipindi kile. Watu wakasema, tazama Maalim, uzee haujamzuia. Nami nilipokea sifa ile, huku nikijua kwamba baina yangu na yule mgonjwa palikuwa na barabara iliyonyooka.

Mke wangu hakuhitaji kuambiwa. Gari lilipoachwa kwetu siku ambazo mwanangu alikwenda Njinjo kwa fuso, maana njia ile ya vumbi si ya gari la chini, mimi baada ya Alasiri nilikuwa nikitoka kulifuta, kisha nikaingia kukaa ndani, mlango nimefunga.

"Maalim," aliniita siku moja kutoka barazani, anachambua mchele, "gari limezimwa. Unakwenda wapi?"

"Napumzika."

"Kitanda kimefanya nini?"

"Humu hamna nzi."

"Na tangu lini wewe unajua silinda? Jana nimekusikia unamwambia jirani silinda sita, silinda sita. Nikadhani ni hukumu ya zaka."

Nilicheka naye. Lakini nilishuka.

Mwanangu hakulalamika. Hicho ndicho kilichonichelewesha kuona. Tulipofika sheli alishuka mwenyewe akasimama ananipa mgongo, akitazama pampu. Akirudi ndani alisema, "Alhamdulillah," kisha akawasha gari. Mara ya kwanza nilidhani ni shukrani. Tairi zilipokwisha, zile pana zinazoagizwa mbali, alisema, "Chaguo la Mungu lina hekima yake, Baba Mkubwa. Mimi tu sijaiona." Niliitikia, "Subira, mwanangu." Nilimhubiria subira juu ya jambo langu mwenyewe.

Ndipo siku moja mke wangu, akinitilia chai, akasema bila kunitazama, "Mkwe ameniambia mumewe anauza fuso."

Niliweka kikombe chini. "Fuso? Atabebea nini ufuta?"

"Atakodi za watu. Anasema hawezi kuendesha yote mawili. Jumamosi anakuja mtu kutoka Mtama kuitazama."

"Si auze gari dogo!"

Sasa akanitazama. "Hilo ndilo mkwe alilomwambia. Akajibiwa, 'Siwezi kuuza kitu nilichochaguliwa na Mungu.'"

Chai ile sikuimaliza. Fuso ndiyo iliyomjengea nyumba, ndiyo iliyomtoa kwenye utegemezi wa mlango wangu. Mtu wa kubeba mazao asiye na gari la kubebea ni nani? Ni dalali wa jasho la wengine. Na alikuwa akiitoa ile ili abaki na mshindo wa mwanzo baada ya Mbwemkuru, ambao hakuutaka yeye, niliutaka mimi.

Nilikwenda msikitini mapema nikakaa nyuma, mahali wanapokaa wageni. Huko nikafikwa na jambo jingine lililonitisha zaidi. Nilianza kuwakumbuka watu wengine walioniletea haja zao. Mama mmoja aliyetaka kumwoza bintiye, nami nikamwambia moyo wangu haukuelekea. Je, ulikuwa moyo, au ni kwa sababu baba wa mchumba alikuwa msemaji sana mikutanoni akinikera? Mvuvi aliyeuliza ahamie Somanga au abaki. Nilimwambia abaki. Alikuwa akinipa samaki. Sikuweza kukumbuka nilikuwaje ndani yangu wakati wa sala zile, na mtu asiyeweza kukumbuka hawezi hata kujitetea. Yule binti ameolewa na mwingine na ana watoto, alhamdulillah. Mvuvi yupo. Lakini sina ninaloweza kulitengeneza kule. La kutengenezwa lilikuwa moja, na lilikuwa na Jumamosi yake.

Mwanangu alikuja Ijumaa kunifuata kwa sala. Tuliporudi, kabla hajafungua mlango, nikamwambia, "Zima, tukae."

Akazima. Tukakaa ndani ya gari mbele ya nyumba, mimi upande wangu, yeye usukanini.

"Usiuze fuso," nikasema. "Uza hili."

"Baba Mkubwa, tulishalimaliza hili. Mungu—"

"Mungu hakuchagua gari hili. Nimelichagua mimi."

Alinigeukia. Uso wake ukalainika kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko matusi. "Unyenyekevu wako, Baba Mkubwa. Unaona napata taabu, unataka kuichukua lawama wewe ili nisimdhanie Mungu vibaya. Lakini mimi simdhanii. Nimeridhika."

"Sifanyi unyenyekevu. Nakwambia kilichotokea."

"Ulisali au hukusali?"

"Nilisali."

"Basi."

Nilitazama mikono yangu. Nimefundisha watoto wa watu kwa miongo kuhusu kutokusema uongo, na sasa nilikuwa nikisema kweli na haiaminiki, kwa sababu ya sifa nilizozikusanya. Nikatafuta shahidi. Alikuwapo mmoja tu, na ndiye niliyekuwa nazungumza naye.

"Siku ile tuliporudi kutoka Lindi," nikasema, "tulipomaliza kilima cha Mbwemkuru, ulikanyaga. Mimi nilifanya nini?"

"Ulipiga takbira. Tasbihi ikaanguka."

"Ukaniuliza kitu."

"Nilikuuliza nipunguze."

"Nikasema nini?"

Nikamwona anarudi kule, kwenye barabara ile, anatazama mbele.

"Ulisema, 'Ongeza,'" akasema polepole. "Mimi nilidhani unanisaidia kulijaribu."

"Nilikuwa nataka. Tangu pale mpaka nilipokupa jibu sikuacha kutaka. Nilisimama mbele ya Mola wangu nikiwa nimeshachagua. Kisha nikakuambia moyo wangu umeelekea. Ulikuwa umeelekea kweli, lakini tangu Mbwemkuru."

Nje, mke wangu alitokeza barazani, akatuona tumekaa ndani ya gari lililozimwa, akarudi ndani.

"Kwa hiyo Mungu hakusema kitu," mwanangu akasema.

"Mimi sikusikiliza. Hilo ndilo ninalolijua."

Aliushika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo, ya yule mtoto wa karatasi za ukutani.

"Unajua nilikuwa nafanya nini pale sheli, Baba Mkubwa? Nilikuwa naleta istighfari. Kila nikitazama pampu inakimbia, moyo wangu unasema, laiti ningechukua lile jingine. Basi naogopa. Naona ninalalamikia hukumu ya Mungu. Naomba toba mpaka tangi linajaa. Naomba toba, kisha nakulipia mafuta, kisha naomba toba tena."

Ningempotezea mali tu, mali hurudi. Lakini nilimfanya mtu msafi ajione mwenye dhambi, na dhambi yenyewe ilikuwa imekaa kiti cha pembeni, imefunga mkanda, inakwenda kuzuru wagonjwa.

"Nisamehe," nikasema.

Alishuka, akazunguka, akanifungulia mlango kama alivyozoea, akanishika kiwiko mpaka nikasimama vizuri. Adabu haikumtoka hata pale. Lakini mkono wangu hakuubusu, na gari likaondoka taratibu sana, kama limebeba mgonjwa.

Jumamosi mtu wa Mtama alikuja akarudi mikono mitupu. Hilo nililisikia kwa mke wangu. Kisha nikasikia gari limeuzwa kupitia dalali yuleyule, kwa mtu wa Mtwara asiyesafiri, mwenye kulitoa kwa harusi tu. Nikasikia vilevile kwamba Mjerumani alikwishapata mnunuzi zamani na hapatikani tena. Kwa hiyo mwanangu alibaki na fuso peke yake. Ijumaa ikaja, nikaenda msikitini kwa miguu. Ikaja nyingine. Yule mgonjwa wa Miteja nikampelekea salamu kwa watu wa basi. Lakini salamu haikunitosha, nikapanda basi mwenyewe nikaenda, nikasimama nusu ya njia kwa kukosa kiti. Alifurahi sana kuniona. Aliniambia, "Leo umekuja kwa basi, Maalim?" Nikamwambia ndiyo. Nadhani ile ndiyo ziara yangu ya kwanza kwake.

Mtu akiniletea haja ya istikhara siku hizi, humkalisha chini nikamfundisha dua, neno kwa neno, mpaka aishike. Wengine huondoka hawajaridhika. Walitaka jibu, wamepewa kazi. Mama mmoja aliniuliza kama naumwa.

Msimu wa ufuta ulipoanza, Ijumaa moja asubuhi, nilisikia honi ya fuso nje. Mwanangu alikuwa juu, dirisha ameteremsha, shati limejaa vumbi la Njinjo. Nyuma magunia yamepangwa mpaka juu.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Naupeleka mzigo huu ghalani Lindi. Tutasali hukohuko. Unakuja?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kwa siku atakayokuja, na yote yakanipotea. "Ulinisamehe?" nikauliza.

"Panda kwanza, Baba Mkubwa. Jua kali."

Kupanda fuso si kazi ya mzee. Mke wangu alinisukuma kwa nyuma, huku akisema, "Hii nayo ina silinda sita, Maalim? Mbona unaing'ang'ania?" Na mwanangu akanivuta kwa juu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimsikia akicheka.

Njiani alizungumza habari za kazi. Aliniambia ipo siku atanunua gari dogo tena, akijaaliwa. Amekwisha kumuuliza fundi mmoja na madereva wawili. Na istikhara ataisali mwenyewe. Akaisoma ile dua yote, macho barabarani, nami nikamsahihisha mahali pamoja tu. Nilishukuru. Nilijua kwamba hakuisoma ili nimsahihishe.

Tukavuka kona za Mbwemkuru kwa kuguna kwa gia. Siku hiyo tulikuwa tunaelekea Lindi, na ule unyoofu wangu ulikuwa umekwisha kubaki nyuma yetu. Lakini ng'ambo ya mto nako, baada ya kilima, kuna kipande kidogo cha barabara kilichonyooka. Fuso ilifika pale inahema, magunia yanalia nyuma. Barabara ilikuwa tupu.

Mwanangu alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Niongeze, Baba Mkubwa?"

Sikujua kama ni msamaha au ni kijembe. Pengine vyote viwili, na vyote ni haki yangu. Nilikaza mkono kwenye tasbihi isije ikaanguka, nikatazama mbele, nikanyamaza, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa bado ni lilelile.